Bia ya Chupa na Pombe ya Mama

Baba mkwe wangu alifanya kazi kwenye meli za ziwani kwa miaka mingi kabla ya kurudi kwao Guta kulima pamba na mihogo. Meli zilimwachia vitu viwili: koti zito la buluu alilolivaa hata mchana wa jua kali, na ulimi uliojua bia. Alikuwa ameinywa Kisumu, ameinywa Bukoba, ameinywa kwenye bandari za Uganda. Alipenda kusimulia jinsi mabaharia walivyozifunga chupa kwenye kipande cha wavu na kuzishusha majini, kisha wakazivuta jioni zikiwa na ubaridi wa ziwa.

"Baridi ya friji inaua ladha," alikuwa akisema. "Baridi ya ziwa inaiamsha."

Lakini hayo niliyasikia baadaye. Mwanzoni nilimjua tu kama mzee wa kuogopwa, kwa sababu nilitaka kumwoa binti yake.

Nilikuwa karani katika ofisi ya mifugo Musoma mjini. Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Bunda. Ilikuwa miaka ile ya shida, miaka ambayo mtu akija kukutembelea na kipande cha sabuni ulimkumbuka mwezi mzima. Sukari ilikuwa ya kupanga foleni, kanga ilikuwa ya kibali, na viatu vyangu vya ofisini vilikuwa vimetengenezwa kwa tairi. Katika hali hiyo mjomba wangu alikwenda Guta kupeleka posa. Aliporudi alikaa kwenye kiti changu cha pekee, akavua kofia, akaniangalia kwa huruma.

"Ng'ombe tumeelewana," alisema. "Mzee si mbaya. Ila siku ya kupokea mahari anataka kreti moja la bia ya chupa."

"Kreti zima?"

"Zima. Anasema binti yake hatoki kwa pombe ya kibuyu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko mjomba alivyodhani, kwa sababu pombe ya kibuyu ndiyo iliyonilea. Mama yangu alikuwa mpikaji wa pombe ya ulezi kule Buswahili, na watu walitembea kwa miguu kutoka Butiama kuja kuinywa. Aliloweka ulezi, akauotesha ndani ya gunia lenye unyevu, akauanika, akausaga kuwa kimea. Upande mwingine aliuchachusha unga wa mahindi wiki nzima, kisha akaukaanga juu ya bati hadi ukawa rangi ya udongo wa kichuguu. Harufu ya unga ule ukikaangwa ilifika barabarani. Mpita njia aliyekuwa na haraka alipunguza mwendo.

Hayo yote pale ofisini sikuwahi kuyataja. Sisi vijana wa ofisini tulikuwa watu wa bia ya chupa, hata kama chupa zenyewe tulizionea kwa mbali. Ikisikika kwamba lori limeingia, tuliacha mafaili wazi mezani. Baa ilitoa chupa mbili kwa kila mtu, za moto kama chai, na ilibidi uje na chupa zako tupu mbili ndipo upewe zilizojaa. Wenzangu walizificha chupa tupu kwenye droo za ofisi, chini ya karatasi za chanjo. Tulibishana kwa saa nzima kuhusu bia ya kiwanda kipi ina uchungu mzuri, wakati kila mmoja alikuwa ameonja chupa tatu tangu mwaka uanze. Mimi nilibishana kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha mwisho wa mwezi nilikwenda Buswahili, nikakaa nyuma ya jiko la mama, nikanywa pombe yake kwa kata hadi moyo ukatulia. Nikirudi mjini nilipiga mswaki mara mbili.

Nilikwenda Bunda kumlalamikia mchumba wangu. Tulikuwa tumesimama nje ya darasa lake, mikono yake myeupe kwa chaki.

"Baba yako anataka nishindwe," nilimwambia.

"Hataki ushindwe. Hajaigusa bia ya chupa karibu mwaka. Ana hamu tu, na haya ya kuomba kwa mtu mwingine anayo. Kwa mkwe ndiyo anaweza."

"Sasa nitaipata wapi?"

"Anza na chupa tupu," alisema. Alikuwa mwalimu wa hesabu, alipenda kuanza na kitu kinachowezekana.

Ni yeye aliyenipeleka kwa fundi cherehani mmoja pale Bunda, mzee wa Kiislamu mwenye ndevu nyeupe, ambaye chumba alichoshonea zamani kilikuwa baa. Mwenye baa aliondoka akaacha kreti la chupa tupu nyuma ya mlango, na fundi alikuwa akiweka juu yake majora ya vitambaa, enzi vitambaa vilipokuwepo. Nilijieleza kwa aibu. Alinisikiliza hadi mwisho, sindano mdomoni, kisha akaitoa.

"Mimi hiyo kitu sijawahi kuionja na sitaionja," alisema. "Lakini kuoa ni jambo la heri. Chukua. Ukishazitoa humu Mungu atanipunguzia na panya."

Nilirudi Musoma juu ya lori la pamba, kreti limebanwa katikati ya miguu yangu. Abiria wenzangu waliniangalia kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Meneja wa baa niliyemfuata alikuwa mtu mpole, amechoka kuombwa. Alizihesabu chupa zangu ishirini na tano, akasikitika. Akasema anaweza kunisaidia chupa tisa, zilizobaki kwenye mzigo wa zamani, na kwamba mzigo mpya hakuna anayejua utafika lini. Nilimwomba, nikamtajia harusi, nikamtajia mzee wa meli. Akaongeza ya kumi kutoka chini ya kaunta yake mwenyewe. Siku ya mahari ilikuwa Jumamosi inayofuata. Nilikuwa na chupa kumi zilizojaa na kumi na tano zenye hewa.

Basi nikaenda Buswahili kumwambia mama. Sikumwambia moja kwa moja. Nilisema mzigo wa bia umechelewa, nikasema labda tuahirishe. Mama alikuwa anachambua ulezi kwenye ungo, hakuinua uso.

"Nyingine nitapika," alisema.

"Mama, wale ni watu wa chupa."

Hapo ndipo akainua uso. "Na wewe je, ni mtu wa nini?"

Alinitazama kidogo, bila hasira, akarudi kwenye ungo. Nadhani alijua siku nyingi kuhusu ule mswaki.

Bahati ilikuwa kwamba kimea alikuwa nacho na unga ulikuwa umeshachacha, kwa ajili ya wateja wake. Alikaanga siku ile ile. Ijumaa pombe ilikuwa inatokota yenyewe ndani ya mtungi bila moto, povu likipanda na kushuka. Jumamosi asubuhi tulipanda lori, mimi na mama, mjomba na shangazi. Dereva alitaka tuimimine pombe kwenye dumu la plastiki lenye kifuniko ili isimwagike.

"Ukiifunga itapasuka," mama alimwambia. "Hii inapumua."

Aliziba mdomo wa mtungi kwa majani ya mgomba, akaukumbatia kwa miguu na mikono kutoka Butiama hadi Bunda, na kutoka Bunda hadi Guta. Kila tulipopita shimo alisema "pole" kwa sauti ndogo. Alikuwa anauambia mtungi.

Nyumbani kwa mchumba wangu palikuwa na ugumu mmoja ambao mjomba alisahau kuniambia. Mama mkwe alikuwa mtu wa kanisa lisiloruhusu pombe hata kidogo. Kwa hiyo mazungumzo ya ng'ombe yalifanyika sebuleni, kwa sala na chai ya maziwa, na yalipokwisha wanaume wote pamoja na mama yangu walihamia nyuma, karibu na zizi, ambapo mama mkwe alijifanya hapaoni.

Niliweka kreti mbele ya mzee. Alihesabu kwa macho. Alipofika kwenye chupa tupu nilijieleza haraka haraka. Alichukua chupa ya kwanza, akaing'oa kizibo kwa kizibo cha nyingine, akamimina kwenye glasi aliyokuja nayo mfukoni mwa lile koti. Bia ilitoka kimya kama maji ya mtoni, bila povu. Aliinusa, akaonja, akaiweka chini.

"Hii imekaa juani," alisema.

Alifungua ya pili, akaonja. "Na hii." Ya tatu alipoionja alifumba macho, na niliona si hasira iliyokuwa usoni mwake. Ilikuwa huzuni ya mtu aliyesafiri kwenda kumwona rafiki akakuta amehama.

Mjomba akakohoa. Hapo mama yangu akasimama, akatoa majani ya mgomba kwenye mtungi, akachota kata, akapiga goti kama ilivyo adabu mbele ya mkwe, akampa. Mimi nilitazama ng'ombe. Kama ningeweza kuingia ndani ya zizi ningeingia.

Mzee alikunywa. Alikaa na ile pombe mdomoni muda mrefu kabla ya kuimeza.

"Kimea ni kizuri," alisema. "Lakini mama, unga umeuchoma sana."

Wateja wa mama hawakuwahi kumwambia hivyo hata siku moja. Mama alikuwa bado amepiga goti. Akasema kwa upole kabisa, "Na wewe mkwe wangu, umezoea maji yenye povu."

Shangazi alishika mdomo. Mzee alimkazia mama macho, kisha akamnyooshea kata.

"Niongeze," alisema, "nione kama nimekosea."

Alirudia mara nne, na kila mara alikuwa na neno: hapa kuna uchachu wa ndimu, hapa kuna moshi, hapa mwishoni kuna kitu kama ganda la mkate. Mama aliketi karibu naye juu ya kinu kilicholazwa, wakaanza kuulizana. Ulezi mwekundu au mweupe? Maji ya kisima au ya mto? Unachuja mapema kwa nini? Kufikia wakati wa kuondoka walikuwa wanabishana kama wenzangu wa ofisini, tofauti ni kwamba hawa walikuwa wanajua wanachosema. Chupa saba zilizobaki hakuna aliyezigusa. Mzee alisema nikazigawe, akasema siku ya harusi ipangwe.

Tulioana mwaka ule. Na kwa miaka iliyofuata, mimi na mke wangu tukawa wabeba ujumbe wa pombe. Kila mama alipopika vizuri alitenga kibuyu cha Guta. Nami nilikipeleka kwa baiskeli kutoka Bunda, ambako nilikuwa nimehamishiwa. Mzee alionja palepale mlangoni.

"Mwambie mama yako safari hii amekimbilia kuchuja. Angeiacha usiku mmoja zaidi."

Nikifika Buswahili, mama alisikiliza akiwa amekunja uso. "Mwambie mkwe wangu kwamba siku hiyo kulikuwaga na mvua, kimea hakikukauka. Na umwambie ulimi wake umeharibiwa na meli." Lakini mara iliyofuata aliiacha usiku mmoja zaidi.

Mke wangu, ambaye hakunywa kabisa kwa ajili ya mama yake, alikuwa akiandika maneno hayo nyuma ya daftari la maandalio ya masomo ili tusiyakosee. Tulicheka sana juu ya daftari lile. Taratibu nami nikaanza kuwaambia watu ofisini kwamba mama yangu anapika pombe. Nilishangaa kukuta nusu yao mama zao walikuwa wanapika pia.

Kisha mambo yakafunguliwa. Ruksa ya biashara ilikuja kwetu kwanza kama sabuni za rangi na mitumba, baadaye kama bia. Mwanzoni ilitoka ng'ambo ya mpaka, kupitia Sirari. Baadaye viwanda vyetu vikachangamka, na mwishowe zikaja hata za kopo kutoka kusini mwa Afrika, ambazo vijana walizinywa wakiwa wameshika kopo upande wa maandishi yaonekane. Hakuna aliyekuuliza chupa tupu. Baa za Musoma ziliweka friji mbele kabisa ya mlango, taa zake zikiwaka mchana.

Tulipombatiza mtoto wetu wa pili, niliwachukua mama yangu na baba mkwe alasiri moja hadi kwenye baa iliyokuwa karibu na ziwa. Mama mkwe alikuja pia, akanunuliwa soda, akakaa ameligeuzia kaunta mgongo. Nilitaka kufanya jambo ambalo miaka ya nyuma nisingeliweza: nilimwambia mhudumu alete moja ya kila aina. Meza ilijaa. Mzee alivua koti lake la buluu, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Alianza na ile aliyokuwa akiitamani tangu enzi za meli. Aliomba iachwe mezani kwanza ubaridi upungue. Alimimina polepole, povu likapanda vidole viwili. Akanywa.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

Baada ya glasi nusu alisema, "Hapana. Siyo yenyewe."

"Wamebadilisha?" nilimuuliza.

"Sijui kama ni wao." Alijipangusa povu kwenye masharubu. "Wakati ule nilikuwa nimetoka kupakia magunia tangu alfajiri." Akainywa hata hivyo, yote, na hadi alipofariki hakubadilisha chapa. Aliisema vibaya kila siku, na kila siku aliiagiza.

Mama alionja za rangi ya dhahabu moja baada ya nyingine, akazisogeza pembeni kwa adabu. Alisema zinafanana, kama watoto waliovalishwa sare. Kisha mhudumu akamfungulia bia nyeusi, ile ambayo wengi hawaiwezi kwa uchungu wake. Mama alikunywa kidogo. Akaishika glasi juu kwenye mwanga wa dirisha. Akaonja tena.

"Hawa wamekaanga," alisema, macho yamemtoka. "Mkwe, onja! Hawa nao wamekaanga!"

Mzee alionja, akakunja uso. "Wameunguza."

"Hawajaunguza. Wamekaanga inavyotakiwa. Huko Ulaya kuna mwanamke mwenye akili."

Tulicheka hadi mama mkwe akageuka kuangalia. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ya alasiri ile, upepo ukiingia kutoka ziwani, chupa nusunusu zimejaa mezani, na wazee wawili wakigombea glasi moja ya bia nyeusi.

Lakini ruksa hiyo hiyo ilimaliza kazi ya mama. Wateja wake walihama mmoja mmoja kwenda kwenye chupa. Aliyebaki ni yule asiyeweza kununua chupa, na mtu wa namna hiyo alianza kuiona pombe ya ulezi kama aibu, akaja kwa kujificha. Mama hakulalamika. Alipunguza mitungi kutoka minne hadi miwili, kisha mmoja, na baba mkwe alipougua, akakatazwa kileo na madaktari, ule mmoja nao ulibaki tupu. Mzee alituacha kabla ya mavuno. Mama alikwenda Guta kwenye msiba bila kubeba kitu, akakaa na mama mkwe jikoni siku tatu, wakichambua mboga. Sijui walizungumza nini. Mke wangu alisema kwa muda mwingi hawakuzungumza.

Baadaye tulijenga Bweri, ukingoni mwa mji wa Musoma, na mama akawa anakuja kwetu kila mwezi kwa ajili ya kliniki ya macho. Tukitoka hospitali nilimpitisha baa, nikamwagizia bia yake nyeusi, moja tu. Siku moja nilimuuliza kama hakumbuki ladha ya pombe yake mwenyewe, kwa maana mimi naikumbuka, na hakuna chupa niliyowahi kufungua iliyonirudishia.

Alifikiri kidogo. "Mimi sikuipendaga sana kuinywa," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Kuonja niliionja, lazima ujue unauza nini. Ila kunywa niliwaachia nyinyi. Nilichopenda ni ile siku ya pili, mkishalala wote, nikiweka sikio kwenye mtungi. Inasemaga kama watu wengi walioko mbali. Nilikuwa nakaa nayo hapo mpaka usingizi unishike."

Miaka yote ile nilikuwa ninalala upande wa pili wa ukuta huo, wala sikuwahi kujua. Nikamuuliza ilikuwa inasema nini. Mama alicheka, akasema pombe haisemi kitu, acha ujinga, akasukuma glasi yake upande wangu nimalizie, kwa sababu basi la Butiama lilikuwa limeshaanza kupiga honi.